Chuma Kinachokataliwa

Kando ya barabara za Kawangware na katika mitaro ya Kibera hupita watu wanaoburuta sumaku. Mara nyingi ni sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, ikafungwa kamba, na sasa inamfuata mwenyewe mavumbini huku ikiota ndevu za misumari, nati, vifuniko vya soda na vipande vya waya wa kufungia. Jioni ndevu hizo hunyolewa ndani ya gunia na kupelekwa kupimwa kwenye yadi ya skrepu. Sasa chukua detekta, ile mashine ya kutambua vyuma ambayo huko Uingereza na Marekani imewapa watu wengi kazi ya kuzunguka mashambani wakitafuta mabaki ya kale. Iwashe kama ilivyotoka kiwandani. Kitu cha kwanza ilichofundishwa kukipuuza ni kilekile sumaku inachokiokota. Sumaku hubeba chuma na kuacha shaba, fedha na dhahabu. Detekta husaka shaba, fedha na dhahabu na kukifumbia macho chuma. Kujifunza kuitumia mashine hii katika mitaa ya Nairobi kumenifikisha kwenye hoja moja ambayo vitabu vya maelekezo havina: hapa somo la kwanza ni kuuzima uchaguzi wa mashine, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya mitaa hii imo ndani ya chuma ambacho mashine inakitupa. Wala mashine si mchaguzi wa pekee. Sheria ina uchaguzi wake na mizani ya yadi ina wake. Asiyevifahamu vichujio hivi vitatu atachimba miaka na kurudi nyumbani na historia ya watu wengine.

Mashine yenyewe haina miujiza. Chini ya fimbo kuna sahani yenye waya uliozungushwa ndani yake, na umeme hupita kwenye waya huo ukigeuka huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Uga unaotokea hupenya ardhini, na ukikutana na metali yoyote huiamsha nayo itoe uga wake mdogo, ambao waya wa pili ndani ya sahani unausikia. Siri yote imo katika kuchelewa kwa jibu. Metali inayopitisha umeme vizuri, kama fedha au shaba, hujibu kwa kuchelewa namna moja. Chuma, kwa kuwa kinavutwa na sumaku, hujibu namna nyingine. Mashine hugeuza tofauti hiyo kuwa namba kwenye kioo na mlio masikioni: mzito kwa chuma, mwembamba kwa sarafu ya fedha. Kichujio ni amri tu ya kunyamaza kila namba ikishuka chini ya kiwango fulani. Kwa mkulima wa Norfolk, Uingereza, ambaye shamba lake limejaa misumari ya viatu vya farasi, amri hiyo ni rehema. Watengenezaji waliiweka kwa sababu wanunuzi wao wanatafuta sarafu na vito, na hakuna ubaya. Lakini amri ni hukumu, na hukumu hii ilikatwa mbali sana na Makina ya Kibera au Gatina ya Kawangware.

Mkazi yeyote wa Nairobi anaifahamu jamaa ya karibu ya mashine hii. Ni ule mkono mweusi ambao mlinzi huupitisha kiunoni kwako mlangoni pa jumba la maduka, desturi iliyokita mizizi mjini hasa tangu shambulio la Westgate mwaka 2013. Mkono huo hauchagui. Unalia kwa ufunguo, kwa kifungo cha mkanda, kwa sarafu na kwa simu, kisha kazi ya kuamua inabaki kwa mlinzi. Naona huo ndio mpangilio wa haki: mashine iseme yote inayoyasikia, binadamu achuje.

Ukikifungua kichujio cha detekta, yaani ukikizima, ukiwa Kibera, kelele zake si za mchezo, na lazima nianze kwa kukubali hivyo. Vichochoro ni vyembamba, kuta za mabati zimesimama kushoto na kulia, na sahani ikiinuliwa kidogo tu kwenye ncha za mpeperusho inausikia ukuta kabla ya kuisikia ardhi. Nyaya za umeme wa sambaza, yaani uliounganishwa kiholela, zinazoning'inia juu ya paa na wakati mwingine kupita chini ya udongo huifanya mashine ipige kelele bila sababu, na zile za chini zinaweza kumuua mwenye jembe. Udongo mwekundu wa Kawangware na Dagoretti una oksidi za chuma ndani yake, hivyo mashine ni lazima kwanza isawazishwe na udongo wenyewe: unaiinua na kuishusha juu ya mahali patupu mpaka iache kuujibu. Juu ya yote kuna kifuniko cha soda. Ni cha chuma, lakini kwa kuwa ni bapa na mviringo hujibu kana kwamba ni sarafu, na mwanafunzi huchimbua vifuniko mpaka mkono uchoke. Dawa zinajulikana na wote wenye mashine hizi: sahani ndogo badala ya kubwa, nguvu ipunguzwe badala ya kuongezwa, mwendo uwe wa kobe, na sikio lijifunze kutenga mlio mkavu unaokatika ghafla na mlio laini unaojirudia ukipita kutoka pande zote mbili. Kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalitilii maanani. Msumari ukilala kando ya sarafu huificha, kwa maana mashine inapoamriwa kunyamazia msumari hunyamaza pia kwa jirani yake. Kwa hiyo hata yule asiyejali chuma, anayetaka tu shilingi ya 1921 yenye robo ya fedha ndani yake, au ndururu ya kikoloni yenye tundu katikati, ana sababu ya kukifungua kichujio pale takataka zilipojaa.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Katika Afrika Mashariki chuma hakikuja na wageni. Katuruka, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria huko Tanzania, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua tanuri za kuyeyushia chuma ambazo ni za zaidi ya miaka elfu moja na nusu iliyopita, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ustadi wa ufuaji huo. Karibu zaidi na Kawangware, wahunzi wa Kikuyu walifua mikuki, simi na majembe kutokana na mchanga mweusi uliooshwa kwenye vijito, mchanga ambao hata leo sumaku ikipitishwa juu yake baada ya mvua unaganda kama manyoya. Kazi ya wahunzi hao huacha ardhini mavi ya chuma, vipande vya visu vilivyovunjika na shanga za chuma. Detekta iliyochujwa hupita juu ya vitu hivyo vyote kimya. Italia kwa senti iliyotengenezwa Birmingham na kunyamaza kwa kisu kilichofuliwa Dagoretti. Sijui kama kuna namna fupi zaidi ya kueleza jinsi chombo kisicho na nia mbaya kinavyoweza kubeba upendeleo.

Kibera inayafanya mambo kuwa magumu kidogo, na hapo ndipo hoja inapopata nyama. Mtaa huu ulianza na askari. Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la kikoloni lililokuja kuitwa King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, walipewa kuishi na familia zao kwenye msitu ulioko kusini magharibi mwa Nairobi, eneo ambalo baadaye lilipimwa kuwa ekari 4,197, nalo likawa chini ya jeshi mpaka mwaka 1928. Atakayetafuta na kichujio kikiwa kimefungwa anaweza kubahatika: vifungo vya shaba vya sare, maganda ya risasi, nishani, bizimu. Vyote si chuma, vyote vitaimba vizuri masikioni, na vyote vitasimulia habari za gwaride. Lakini askari alikuwa akienda vitani na kurudi. Aliyekaa Kibera mwaka mzima ni mwanamke. Riziki ya nyumba nyingi za Kinubi kwa miaka mingi ilitoka kwa pombe kali iliyopikwa nyumbani, ile iliyojulikana kote Nairobi kama jini ya Kinubi, na wapishi wake wakuu walikuwa wanawake. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku, polisi waliivamia, na bado iliendelea. Vyombo vya kazi hiyo ni mapipa, madebe, sufuria na magurudumu ya zamani ya kuinjikia, na karibu vyote ni chuma au bati. Tuseme basi: kichujio kikifungwa tunapata Kibera ya wanaume wenye sare, kikifunguliwa anatokea aliyelipa karo.

Mfano wa pili ni misumari. Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware zimejengwa kwa fito na udongo chini ya mabati, na nyumba kama hiyo ikibomolewa mvua mbili tatu za masika hutosha kuurudisha ukuta ardhini. Mabati hubebwa, mbao hubebwa, mlango hubebwa. Kinachobaki ni misumari: ile yenye kichwa kipana cha mabati, ile ya inchi nne ya nguzo, na vipande vya waya wa kufungia fito. Haibaki ovyo. Inalala kwa mistari, kwa sababu ilidondoka chini ya pale ilipokuwa imepigiliwa. Mwendo wa polepole wa sahani juu ya ardhi tupu hukuonyesha kona, kisha mlango ambapo milio inakatika kwa upana wa hatua moja, kisha chumba cha pili. Julai 2018 mamia ya nyumba, pamoja na shule, zilibomolewa Kibera ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite, na maelfu ya watu wakatawanyika. Picha za angani zinaonyesha paa zilipokuwa. Misumari inaonyesha kuta zilipokuwa chini ya paa hizo, jambo ambalo hakuna setilaiti inayoliona.

Kichujio cha pili ni cha sheria. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakitambua kitu cha kubebeka kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, ambao ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Vitu vya namna hiyo vikiwa ardhini ni mali ya serikali; kuvitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni, na anayevikuta kwa bahati ana wajibu wa kuwajulisha Makavazi. Ni sheria nzuri na sina hamu ya kuidhoofisha. Lakini tazama mahali mstari ulipopita. Mwaka 1890 afisa Mwingereza Lugard alijenga ngome ya kampuni ya Imperial British East Africa huko Dagoretti, kilomita chache kutoka Kawangware ya leo. Haikudumu, ikaachwa na kuteketezwa, na kampuni ikajenga nyingine Kabete, Fort Smith. Msumari wa Lugard, basi, ni wa kale kisheria. Kifungo cha askari wa Kinubi aliyefika miaka michache baadaye si cha kale. Kile kikasha cha madini ambacho Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni kubebea kipande chake, kwa amri ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hakimo pia. Kibera nzima imezaliwa upande wa pili wa mstari. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kuwa na thamani ya kihistoria, na mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki unalindwa ikiwa ulichongwa kabla ya 1946, kwa hiyo sheria yenyewe inajua kusogeza tarehe inapotaka. Ilisogea kwa ajili ya milango ya Lamu. Kwa sufuria ya Makina bado.

Kichujio cha tatu ni mizani. Kwenye yadi ya skrepu metali hupangwa kwa bei: shaba nyekundu, ambayo hapo huitwa kopa, ndiyo sultani, inafuata brasi, kisha alumini, na chuma kipo mkiani kikinunuliwa kwa kilo nyingi na pesa kidogo. Umri wa kitu hauna safu katika daftari. Bunge lilitunga Sheria ya Vyuma Kuukuu mwaka 2015 ili kuwasajili wafanyabiashara, na Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara hiyo yote mpaka Mei mwaka huohuo. Jambo lililotajwa kila mara katika mjadala ule ni wizi: nyaya, vyuma vya nguzo, reli. Kwamba kupitia lango hilohilo la yadi urithi wa mitaa unayeyushwa kila siku kihalali kabisa, hilo halikutajwa. Mgala muue na haki yake umpe: yadi hizi ndizo zinazousafisha mji na kulisha nyumba nyingi, na tanuri za Nairobi zinategemea gunia la yule mwenye sumaku. Sikusudii kuzishtaki. Nasema tu kwamba mwenye sumaku ndiye msakaji mkubwa wa mabaki ya kale Nairobi, ana uzoefu ambao mwenye detekta ya bei ghali ataukosa kwa miaka mingi, na hakuna anayemwuliza alichokiona.

Wapo watakaosema kwamba ardhi ya Kibera imevurugwa mno kuwa na maana yoyote. Mitaro imechimbwa na kuzibwa, vyoo vimehamishwa, kifusi kimeletwa kutoka ujenzi wa kwingine, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa wamepita na majembe. Kitu kikipatikana hapo hakina kwao. Pingamizi hili nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu thamani ya kifaa cha kale imo zaidi katika pale kilipolala kuliko katika kifaa chenyewe. Songo Mnara, kusini mwa Kilwa, wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliandika nafasi ya kila sarafu ya shaba waliyoifukua, na kwa kufanya hivyo waligundua kwamba nyingine ziliwekwa makaburini kama sadaka. Sarafu hizohizo zikiwa mfukoni mwa mtu zingekuwa shaba tu. Lakini kuvurugika si kutokuwa na mpangilio. Tangu 1973 William Rathje na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Arizona walichambua taka za mji kwa mbinu za akiolojia, na walionyesha kwamba jaa lina ratiba yake, likisomwa kwa vitu vinavyojulikana mwaka wake. Kifusi cha Kibera kina ratiba pia. Senti yenye sura ya mfalme, shilingi ya Jamhuri iliyoanza 1966, kifuniko cha chupa, kopo la kampuni iliyokufa: kila kimoja kinakifungia kinachokizunguka tarehe ambayo hakiwezi kuwa kabla yake. Anayetupa vifuniko vya soda bila kuvitazama anatupa kalenda.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye mashine wenyewe: mtu akifungua kichujio atachimba kutwa na asimalize kichochoro kimoja. Ndiyo, akichimba. Lakini nani alisema kila mlio uchimbwe? Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja wa vita wa Little Bighorn huko Marekani, na mwaka uliofuata Douglas Scott na wenzake waliwaweka watu wenye detekta katika mistari, wakapanda bendera ndogo kwenye kila mlio kabla ya jembe kugusa ardhi. Ramani ya bendera, pamoja na maganda ya risasi yaliyofukuliwa baadaye, ndiyo iliyowawezesha kufuatilia bunduki moja baada ya nyingine jinsi zilivyohama uwanjani. Katika Kibera hakuna nafasi ya bendera, lakini karatasi ya mraba, kamba ya kupimia na kalamu vinatosha kuweka alama ya mlio mzito hapa na mwembamba pale. Ramani ya milio ya chuma ni ushahidi kamili hata shimo lisipochimbwa, na ina faida kwamba haimharibii mtu uwanja wake wala haikaribii waya wa umeme. Napendekeza kila anayeanza afanye kazi hii kwanza na aliache jembe nyumbani. Itamfundisha sikio haraka kuliko kuchimba.

Halafu kuna pingamizi la njaa, na la woga. La njaa ni rahisi kulisema: mtu anayehesabu bei ya kilo hana muda wa historia ya sufuria. Kweli. Uingereza ilitatua jambo hili kwa fedha. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inampa zawadi aliyepata na mwenye shamba, na mpango wa kuorodhesha mabaki ulioanza 1997 unawapokea hata wanaoleta vitu visivyo hazina. Mfumo huo hauwezi kuhamishiwa hapa vilevile, kwa sababu unaanza na swali ambalo Kibera haina jibu lake: mwenye shamba ni nani? Hapo ndipo woga unapoingia. Katika mitaa ambayo alama nyekundu ukutani humaanisha nyumba itabomolewa, mgeni mwenye fimbo inayolia ni mpimaji wa ardhi mpaka athibitishe vinginevyo. Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288 baada ya miongo ya madai, sehemu ndogo ya zile 4,197, huku jamii nyingine zilizokaa hapo vizazi kadhaa zikiwa na madai yao. Kifungo cha shaba kikitokea chini ya sakafu ya mtu si kifungo tena, ni hoja katika kesi. Wenye shaka huniambia: basi usiguse. Mimi naona kinyume chake. Mambo haya yataamuliwa kwa ushahidi wa aina fulani, na ushahidi uliochujwa ndio hatari zaidi, kwa kuwa metali zinazong'aa zitamtetea askari na kumnyima haki mpangaji wa Kisii, Kiluhya au Kijaluo aliyeacha misumari peke yake. Masharti yangu ni machache na hayana mjadala: mwenye ploti aulizwe, wazee wa mtaa wajue, makaburi yasikaribiwe, na kinachopatikana kibaki mtaani baada ya kupigwa picha na kuandikwa mahali kilipokuwa.

Liko pingamizi moja la kimya ambalo linatoka kwa chuma chenyewe. Kinaoza. Udongo mwekundu wenye asidi hula msumari mpaka ukawa donge la kutu lililokumbatia changarawe, na detekta hulisikia donge hilo kwa shida zaidi kila mwaka. Fedha inaweza kusubiri karne nyingine, msumari hausubiri. Mtu akitaka kujua aanzie wapi, basi, ningemwelekeza mbali kidogo na vichochoro, chini kule maji yanakokwenda. Bwawa la Nairobi lilizinduliwa mwaka 1953, na tangu hapo mvua zimekuwa zikisomba taka na udongo wa Kibera na kuvishusha ndani yake, mpaka sehemu kubwa imejaa tope na magugu. Tope hilo lina sakafu yenye mwaka unaojulikana. Kila kilicholala juu ya sakafu ya bwawa kilifika baada ya 1953, kwa mpangilio wa mvua zilizokileta, na hewa kidogo iliyomo ndani ya tope hupunguza kasi ya kutu. Kazi yake si rahisi: tope lililolowa maji taka hupitisha umeme na kuitia mashine wazimu, kwa hiyo kingo zilizokauka wakati wa kiangazi ndizo za kuanzia, nguvu ikiwa imeshushwa na kichujio kimefunguliwa chote. Mipango ya kulifufua bwawa hilo imetangazwa zaidi ya mara moja. Siku buldoza litakapoteremka humo, tope litapakiwa kwenye malori pamoja na vyuma vyake, na mwenye sumaku atakuwa wa kwanza kufika linakomwagwa. Ni vyema mwenye daftari awe amemtangulia, au bora zaidi, wawe wamekuja pamoja.